Mhina Aonja

Mpwa wake, mhudumu wa hoteli Raskazone,
kaja na nusu chupa iliyosazwa na wageni:
divai ya pwani nyingine, anasema,
pwani ya baridi, ukungu hadi adhuhuri.

Mhina, miaka arobaini vileleni mwa minazi ya Kicheba,
glasi kaikataa. Akaimimina katani,
akainusa kama anavyonusa kibuyu kilicholala,
akaisukuma kwa ulimi, shavu hili, shavu lile.

"Chumvi ipo. Haikutiwa, imepanda na upepo.
Na ukakasi, kama wa bibo bichi.
Zabibu hizi jua halikuzidekeza."

Kimya.
Akalamba mdomo wa kata.

"Mgema wake mpelekee salamu zangu,"
akasema, akijifuta ndevu,
"ila usimsifu."