Njaa Katikati ya Ghala

Maarika amelala chini ya Volvo ya babaye,
gari la kwendea sokoni Pärnu, kubeba viazi na mbwa,
ambalo Jumamosi hung'olewa kiti cha nyuma
likapelekwa Audru, uwanjani, kushindana na saa.

"Kijiti kilisema oili imejaa!"
Heldur alilalama mwaka jana,
beringi kiganjani, imechunika hadi shaba.
Imejaa, ndiyo.
Lakini kwenye kona ile ndefu ya kulia
oili yote hukimbilia kushoto, ikakwea ukuta wa beseni
kama supu mikononi mwa mpishi anayekimbia,
na mdomo wa pampu ukabaki unanyonya hewa.
Sekunde mbili.
Njaa katikati ya ghala.

Basi amekata bati, amechomelea vyumba vinne,
kila chumba na kijilango chenye bawaba:
kuingia ruhusa, kutoka marufuku.
Amevijaribu kwa kidole. Kimoja kilikwama;
akakipiga tupa, akatia tena kidole.

Ameongeza nusu lita juu ya alama.
Ameweka geji mbele ya usukani,
maana taa nyekundu
huja kutoa rambirambi tu.

Saa nne asubuhi, lami bado ina umande.
Baba anaingia kona; Maarika hatazami,
amefumba macho, anasikiliza chuma.

Mzunguko wa sita Heldur anarudi, anashusha kioo:
"Mshale ulitikisika kidogo tu."
"Kidogo kiasi gani?"
Anaonyesha kwa vidole.

Maarika anakwenda kutafuta jeki.