Makonyo Kwenye Tairi

Bandarini Wete ofisa aliigeuza pasi yangu mara mbili,
akaitazama baskeli, akanitazama mimi.
"Na huyu je, ni mzigo au ni abiria?"
Nikamwambia ni ya marehemu babu, haijapata kuvuka maji.
"Basi karibuni nyote wawili," akasema,
akapiga muhuri
mmoja tu.

Asaa, binamu niliyemjua kwa sauti ya simu,
alinisubiri nje ya geti na pampu mkononi
kama mtu aliyekuja kumpokea mgonjwa.
Akayabonyeza matairi. "Huko kwenu Vanga
nchi ni sahani. Hapa utaijua."

Nikaijua Bopwe. Kinyasini nikaijua zaidi.
Kilima kinakuja, hujakimaliza
kinakukabidhi kwa mwenzake,
na huyo mwenzake ana ndugu.
Pemba haikutandazwa, imekunjwa,
kama kanga iliyotiwa sandukuni ingali mbichi,
na sisi ni sisimizi wawili kwenye makunjo.
Asaa anapanda huku akihadithia bei ya mpira wa ndani;
mimi sina hata pumzi ya kuitikia "enhe".

Mlima wa tatu nilishuka, nikasukuma.
Watoto wa chuo wakanipita na juzuu kwapani:
"Mgeni, baskeli inakupanda wewe!"

Kando ya lami karafuu zimeanikwa majamvini,
nyekundu upande huu, upande ule zimeshakuwa kahawia,
na makonyo yametapakaa hadi barabarani.
Tukapita juu yake. Yakatatarika kama bisi.
Bibi kizee aliyekuwa akichambua hakuacha kuchambua:
"Tazama anavyoegemea kushoto. Huyo wa Bi Time."
Sikumuuliza amejuaje.
Nyanya aliondoka hapa mwaka ambao nyumbani hautajwi,
na kuegemea kushoto
nilidhani ni kwangu peke yangu.

Halafu Konde, chai ya tangawizi kwa kusimama,
halafu Ngezi.
Sikujua kwamba msitu una mlango.
Jua lilikatika kama umeme wa mgao,
mivule ikasimama huku na huku, haina haraka na mtu,
njia ikawa na unyevu wa jiwe la kisima.
Juu, popo wakubwa wananing'inia wakijipepea kwa mbawa,
wekundu wa kutu kama cheni yangu.
Asaa akanyamaza, mara ya kwanza tangu Wete.
Ndipo nikasikia baskeli ya babu inavyosema ikiachwa iseme:
tik, tik, tik,
mteremkoni, miguu imelala.

Nikawaza: mpaka nimeuvukia wapi?
Baharini sikuona uzi wala bikoni.
Muhuri nimepigiwa juzi,
lakini mwili haukusadiki
mpaka baridi hii ilipoushika shingoni.

Siku ya kurudi, forodha wakapekua mkoba.
"Karafuu?"
"Sina hata punje."
Ofisa akainama, akanusa, akalitazama tairi muda mrefu.
Pale gatini kila mtu alijua kosa ni lipi,
hakuna aliyejua linaandikwaje.
"Nenda," akasema, "kabla sijafikiri."

Vanga. Nyanya haoni tena vizuri.
Nilimpa picha kwenye simu, akaisukuma kando.
Akaitaka baskeli.
Akapapasa usukani, kiti, kengele isiyolia,
akashuka polepole, goti moja, goti la pili,
akaiweka pua yake kwenye tairi la nyuma
na akabaki hapo.

Jirani alipita, akatoa salamu, hakujibiwa.

"Mtambwe," akasema mwishowe.

Mtambwe hatukupita.
Nikamshika mkono ainuke.
"Ndiyo, nyanya. Mtambwe."