Mpiga Besi Ajaza Fomu

Ofisi ya kata, Makambako, saa tatu asubuhi,
upepo unapenya chini ya mlango kama mdai.
Karani, koti juu ya koti, kalamu imeganda wino,
anaipulizia pumzi. "Jina?"
Eliuteri Mtewele.
"Kazi?"

Hapo ndipo ninapokwama, mdogo wangu.
Andika: Nyota Saba Jazz. Tulikuwa wanne.
Watatu waliobaki walikuwa wanakuja na treni,
na treni yetu unaijua.

Nimepiga besi miaka ishirini na sita.
Besi hakuna anayeisikia mpaka inyamaze,
na siku iliponyamaza, Mdandu, harusi ya mtoto wa diwani,
hawakuisikia vilevile.
Uzi mnene ulikatika katikati ya rumba.
Nikafunga waya wa breki wa baiskeli ya Ambakisye, mpiga tumba wetu,
naye kesho yake, hana habari, akashuka nayo mteremko wa misheni,
akatua kwenye banda la nguruwe. Mzima.
Kofia tu ndiyo ililiwa.
Mpaka leo nikiigusa sauti ile ya chini
namsikia anapiga kengele.

Malipo? Sikiliza.
Ilembula walitulipa ulanzi, tukaunywa kabla ya kupanda jukwaani,
kwa hiyo tulipiga tunadaiwa.
Mafinga walitulipa mbao. Nane, mbichi.
Igwachanya tulikosea nyumba, tukapiga saa nzima msibani.
Wafiwa walicheza. Mjane alicheza kuliko wote,
akatutunza elfu tano, akasema turudi arobaini.
Tulirudi.

Bwana Sanga, mwenye vyombo, alikuja kuvichukua
Ijumaa moja, watu wamejaa,
kimoja kimoja, kwa adabu: kinanda, kisha maikrofoni,
akisubiri kila wimbo uishe.
Spika ya besi aliniachia, panya walishaitoboa.
Kuku wangu anaatamia humo. Vifaranga wanaototolewa
wanatembea kwa kufuata mapigo, mke wangu Subilaga ni shahidi,
ingawa yeye anasema wanachechemea.

Karani kachoka. Wino umeyeyuka,
na katika kusubiri anapiga mluzi, mdogo, wa kwenye meno:
tu-dum, tu, tu-dum.
Nywele zimenisimama. Ule ni mkono wangu!
"Wimbo huo umeutoa wapi?"
"Wimbo gani, mzee? Si lile tangazo la mbolea, la redioni."

Ndilo. Naam.
Mwaka ule wa mvua nyingi nilirekodi sekunde kumi na tisa,
nikalipwa mifuko miwili ya mbolea yenyewe.
Niliimwaga kwenye robo eka ya viazi,
na viazi vile, tusidanganyane,
ndivyo vilivyosomesha watoto.

"Mzee. Kazi?"

Andika mkulima.
Lakini pale kwenye mluzi, kijana, unakimbia.
Baada ya ile "tu" ya peke yake pana kimya,
kidogo tu, cha kuvuta pumzi.
Kile kimya nilikipiga mimi.