Kuchambua

Upanga, ukumbini, niliketi muda wa saa sita
juu ya jamvi, taa moja ikinichoma utosi,
mbele yangu kilo ishirini za mchele wa Kyela.
Nilichambua punje kwa punje.
Sikusema neno. Sikunywa maji.
Walikuja waliovaa vizuri, wakachuchumaa,
wakanitazama vidole kama watu wanaosoma tangazo la msiba.
Saa ya sita ilipotimia nikasimama, miguu imekufa ganzi,
wakapiga makofi.
Mmoja alifuta machozi. Sijui aliona nini.
Mimi nilikuwa nawaza mkojo.

Kesho yake gazetini mchambuzi alinichambua:
kazi inayohoji, aliandika. Sikumbuki inahoji nini.
Dada yangu Mashavu, mhasibu, alisoma hadi mwisho
akauliza, "Na ule mchele mliupika?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Tandale.

Banda la bati, nyuma ya mashine ya kukoboa,
wanawake kumi na mmoja, ungo mapajani,
vumbi la pumba limewapaka nyusi
mpaka wote wamekuwa wa umri mmoja.
Nikatandika jamvi langu pembeni, nikaanza.
Hakuna aliyechuchumaa.
Mtoto mmoja alisimama, akaona si mazingaombwe,
akaenda zake.

Akaja mgambo, Masunga, na kitabu cha risiti.
"Kibali cha biashara?"
Siuzi.
"Nani kakuajiri hapa?"
Sijaajiriwa.
"Sasa unafanya nini?"
Nikasema: sanaa.
Akautazama ungo wangu. Akawatazama wale kumi na mmoja.
"Na hawa?"

Nimejibu maswali mengi maishani,
hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa kibua.

Akanipa fomu. Weka alama panapohusika:
ngoma, muziki, maigizo, uchoraji, uchongaji,
nyinginezo (taja).
Mstari wa kutajia ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada.

Bi Sikuzani, jirani yangu wa kushoto, hakuinua kichwa.
"Mwanangu, unachambua kama mtu anayetazamwa."
Na wewe je, mama?
"Mimi nachambua kama mtu anayedaiwa kodi."
Wenzake wakacheka, pumba zikaruka.
Kisha akanishika kiwiko, akanielekeza:
chuya usiitafute, ukiitafuta inajificha;
tikisa ungo, uache mchele utulie,
kibaya hakina haya, kitajitokeza chenyewe.

Ndipo nikaona.
Karibu na goti lake, juu ya kipande cha boksi,
vijiwe alivyotoa mcheleni hakuvitupa.
Kavipanga: vyeupe, vya kijivu, vyenye kutu, vyeusi tii,
mstari unaopinda kama tarizi ya kofia.
Kila kilichoingia alikisogezea vingine kwa ukucha
kipate nafasi yake.
Hakuna anayemlipa kwa hilo.
Hakuna aliyekuwa akiangalia, ila mimi,
na mimi kwa bahati.

Hivi vya nini, mama?
Akavitazama kana kwamba ni mimi niliyemwonyesha.
"Hivi? Basi tu."

Basi tu.
Miaka mitatu nimesomea, nimeandika maelezo ya kazi
kurasa kwa kurasa, na tanbihi chini yake,
na maneno hayo mawili sikuwahi kuthubutu kuyaweka.

Nilitaka kupiga picha. Nikatia mkono mfukoni.
Lori la Ifakara likapiga honi, magunia yakaanza kushuka,
akalivuta boksi lake akalikalia,
vijiwe vikamwagika mtaroni,
wala hakugeuka.

Fomu bado ninayo. Nimeikunja mara nne.
Usiku nilipika, mchele wangu ule ule wa Upanga,
niliouchambua punje kwa punje mbele ya watu mia,
na tonge la tatu nikauma jiwe.
Sikulitema haraka.
Nililigeuza kwa ulimi, huku na huku,
nikijaribu kukisia rangi yake.