Sekunde Thelathini na Moja

Wit amevaa hedifoni, ananiinulia vidole vitano.
Tano, Kalina. Sekunde tano, kisha sauti yako iingie.
Watu hawana subira, anasema,
kidole kiko juu ya kioo kabla sikio halijafunguka,
na asiyefika sekunde ya thelathini hahesabiwi:
ni kama hakupita mlangoni.

Mimi nina thelathini na moja
za mashine ya kufumia peke yake.
Niliirekodi makumbusho, Łódź hii hii,
Jumatatu, siku ya kufagia,
mlinzi akinikazia macho kama mwizi wa vitambaa:
kataka-kata, kataka-kata, kataka —
halafu uzi unakatika,
halafu kimya cha pumzi moja,
halafu inaanza tena.
Kata, anasema Wit. Kata, inasema hata mashine yenyewe.

Wimbo uko tayari, isipokuwa hauko tayari.
Sauti tumeishusha hadi kipimo wanachotaka.
Picha ya jalada ni mraba, elfu tatu kwa elfu tatu,
bila anwani, bila maandishi ya kuhangaisha macho.
Fomu iende wiki nne kabla ya Ijumaa yenyewe.
Fomu inauliza:
Hali ya wimbo? Chagua zisizozidi mbili.
Utulivu. Mapenzi. Sherehe. Usingizi. Majonzi. Mazoezi ya mwili.
Nimetafuta uchovu wa zamu ya usiku; haumo.
Nimetafuta hasira iliyokunjwa vizuri kabatini; haimo.
Eleza wimbo wako kwa herufi mia tano.
Nimefuta mara sita. Ya saba nikaandika
"Wimbo kuhusu mama yangu," nikaona haya,
kana kwamba nimemtembeza mnadani na bei kifuani.

Watunzi: majina kamili, na mgao wa kila mmoja.
Jumla isipungue mia, isizidi.

Hapo nikampelekea mama.
Anakaa Bałuty, ghorofa ya nne, jikoni kunanukia nta ya sakafu.
Miaka ishirini na sita kiwandani; masikio aliyaacha huko
kama wengine walivyoacha vidole.
Kiitikio ni chake. Alikiimba kinywa kikiwa kimefumbwa,
akimenya viazi, asikisikie,
akikipima kwa mkono kooni.
Nikageuzia uso wangu kwenye mwanga asome midomo:
Mama, nimekuandika asilimia hamsini.

Akaweka kiganja juu ya spika. Akangoja.
Zilipoisha thelathini na moja, nilipoanza kuimba mimi,
akakiondoa.
"Mwandike Genowefa pia," akasema, kwa sauti ile ya juu
ya mtu anayezungumza kuvuka mashine.
"Nusu ya kwanza nilianza mimi. Ya pili
alinijibu yeye, kwa midomo tu, kutoka ya kumi na saba."
Genowefa nani?
Akatazama dirishani, akahesabu kitu vidoleni.
"Genowefa wa kumi na saba."

Fomu haikubali. Kinyota chekundu kinawaka:
jina la ukoo ni lazima.

"Na nani atausikiliza?"
Nikamweleza kadiri nilivyoelewa mwenyewe:
kwanza mashine, mama, inaupima, inaupanga na wenzake,
ndipo pengine mtu, kama mashine imeridhia.
Akacheka mpaka akashika meza.
"Mashine! Basi mwambie huyo kijana wako asikate.
Itamsikia ndugu yake."

Sasa tramu ya mwisho imeshapita.
Hali ya wimbo: nimechagua mazoezi ya mwili.
Jina: Genowefa. Ukoo: Kumi-na-Saba.
Asilimia ishirini na tano. Kinyota kimezimika.
Wit ameandika: Haya, kumi. Kumi ndiyo mwisho.
Sijamjibu. Mshale uko juu ya neno Tuma
nami narudia sekunde ya kumi na tisa,
pale uzi unapokatika,
kimya kile cha pumzi moja
ambamo mtu, zamani, aliinama
akafunga fundo.