Skrubu Kumi na Moja

Kabla sijagusa kitu, nilisoma.
Kitabu cha dhamana, kurasa tisini na mbili,
lugha ishirini na ushei, yetu haimo.
Nikakisoma kwa Kiingereza changu cha darasani
na miwani ya kuazima kwa Bi Raya,
herufi ndogo kama utitiri wa kuku.

Ngwali, fundi wa Chasasa, alikwisha nambia:
"Mwalimu, niletee. Lakiri naibandua kwa mvuke wa birika,
natia kumbukumbu mpya, naibandika vile vile.
Hata walioiunda hawatojua."
Nikamjibu, mimi nitajua.
Akacheka, akaniuliza hiyo laptopu ni yangu au ya Serikali.

Ni yangu. Nimeilipia kidogo kidogo miezi tisa,
duka la Mlandege, Unguja.
Risiti inalala bahasha moja na hati ya mikarafuu.
Mali bila daftari, yakhe, hupotea bila habari.

Ukurasa wa sitini na moja:
mwenye mashine ana ruhusa kuongeza kumbukumbu
ilimradi asiguse lakiri iliyo juu ya feni;
atakachovunja kwa mkono wake, juu yake.
Nikausoma mara tatu.
Kisha nikapiga simu Mlandege,
wakaniwekea muziki dakika kumi na saba za salio langu,
hata kijana akarudi:
"Kweli, mama. Ukumbi ni wako. Chumba cha ndani ndicho chetu."
Nikamuuliza jina, nikaandika.
Mahfoudh. Jumatano. Saa nne na robo.

Kijiti kikaja Wete ndani ya boksi la dawa ya meno,
gigabaiti nane, chembamba kuliko rula.
Nikalinganisha namba zake na za kitabu,
tarakimu kwa tarakimu, kama ninavyokagua wanaoibia mtihani.

Nikazima. Nikachomoa waya.
Nikashika bomba la maji la uani,
umeme wa mwilini ushuke,
nikakaa kitako juu ya jamvi.
Skrubu kumi na moja,
moja moja ndani ya kijikombe cha kahawa.

Bisibisi ni ya marehemu mume wangu,
mpini kaufunga raba ya baiskeli.
Ndiyo aliyoifungulia redio yetu ya betri sita,
ati aipanguse vumbi tu.
Vilivyotoka havikurudi.
Redio ipo juu ya kabati hadi leo,
skrubu zake kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nilikuwa nimekaa pale pale, namtazama.
Sikumwambia: Shaame, ina kitabu chake, kisome.

Mfuniko ukaachia kwa mlio wa ganda la njugu.
Nafasi mbili: moja ina mwenyewe,
ya pili tupu, tupu tangu kiwandani,
nami mwaka mzima nailaani mashine kwa uzito wa kichwa.
Na kando, juu ya feni, lakiri,
duara la fedha lisilozidi punje ya kunde.
Kucha yangu ilikuwa karibu sana.
Nikaukunja mkono.

Nikakiingiza kijiti mshazari, nikabonyeza.
Tik.
Vibanio viwili vikashika.

Kuwasha: kioo cheusi.
Cheusi bado.
Nikaanza Ayatul Kursi, sikufika nusu,
mwanga ukaja.
Nne na nane, kumi na mbili.
Mashine yenyewe imekiri.

Faili la alama za kidato cha pili, watoto mia mbili na kumi na wawili,
lililokuwa likifunguka muhogo ukaiva jikoni,
lilifunguka sijameza funda la chai.
Nikashuka, safu kwa safu, bila kukwama.
Safu ya themanini na nane: Mwanakombo Ngwali.
Hesabu, 34.
Daftari langu la mkono linasema 43.
Muhula mzima mtoto wa fundi amebeba kosa langu,
kwa sababu kila nikitaka kulihakiki faili lilikuwa likiganda,
nami nikilifunga kwa hasira, nikaenda kulala.

Nikasahihisha. Nikahifadhi.
Kisha nikachungulia kijikombe, nikakipindua,
nikakigongagonga kwenye kiganja.
Hakikuanguka kitu.
Nikatazama tena, kwa miwani ya Bi Raya.