Kipengele cha Kumi na Moja

Fomu ya kuomba uhakimu ina kurasa tisa.
Nane nimezijaza kabla kahawa haijapoa:
jina, Steinvör; umri, arobaini na tisa;
shahada, miaka ya uwakili, deni la nyumba,
faini moja, ya kuegesha gari vibaya
mbele ya zahanati, usiku ule mama alipoanguka.

Nimekwama kipengele cha kumi na moja.
Taja ndugu, jamaa, marafiki na mahasimu
ambao mashauri yao hutaweza kuyasikiliza.
Wameniachia mistari mitano.

Mitano! Aliyeitunga fomu hii
anaishi mji mkuu, kwenye ghorofa yenye lifti,
hamjui anayekohoa upande wa pili wa ukuta.
Aje huku, kwenye hori letu la Ísafjörður,
watu elfu mbili na ushei tumebanwa na milima,
ambako jua lenyewe hutoroka mwezi Novemba
na kurudi Januari mwishoni, kichwa chini,
kama mdaiwa.

Nikaanza. Kaka yangu Brynjólfur, bila shaka.
Mkewe. Ndugu za mkewe, wanane.
Hallbera mwoka mikate, aliyenikopesha nauli
ya kwenda kusomea sheria, na hadi leo
hajawahi kuitaja wala hajaisahau.
Finnbogi, aliyenivunja jino tukiwa darasa la pili.
Finnbogi tena, maana miaka ishirini baadaye
nilimpenda kwa viangazi viwili.
Mchungaji, ajuaye kwa nini tuliachana.
Oddný, ambaye hatusalimiani tangu mazishi;
nikimwona dukani nageukia rafu ya sabuni,
nasoma maandishi ya sabuni kama katiba.
Bogusława wa zamu ya usiku kiwandani,
aliyekuja kutoka Poland, mgeni kabisa, nikadhani,
kumbe ndiye aliyemkata mama kucha
wiki zile za mwisho, bila kuombwa.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na karatasi tatu za nyongeza
na mji mzima umelala juu ya meza yangu.
Kesi ya ngedere usimpelekee nyani, sawa.
Na msitu ukiwa wote wa nyani?

Namkumbuka hakimu aliyeletwa kutoka mbali.
Baba alikuwa na shauri la uzio na kondoo wa jirani.
Ukungu ulizuia ndege siku tisa;
ya kumi akatua, akasikiliza dakika ishirini,
koti hakulivua,
akalitamka jina la baba kama mtu anayetema kokwa,
akakata shauri, akaondoka kabla upepo haujageuka.
Hakumpendelea mtu. Siwezi kulikana hilo.
Alikuwa safi kama sahani
isiyowahi kupakuliwa chakula.
Baba alilipa, hakukata rufaa.
Ila kwa miaka, akimenya viazi,
aliniuliza ghafla, kisu kimesimama:
"Hivi yule bwana aliniona?"

Hilo nalo sikuliona pa kuliandika.

Leo ndiyo siku jua linarudi.
Nyumba zote zinanuka siagi,
chapati za maji zinageuzwa vikaangoni,
watoto wameruhusiwa kutoka shule mapema.
Jikoni kwangu lilikaa dakika nne.
Likaangukia jina la Finnbogi,
likamruka Oddný, likagusa kitasa, likaenda zake.
Hata jua, nikasema, lina upendeleo,
na hakuna anayelidai fomu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Sigvaldi,
amekuja kurudisha koleo la theluji
aliloazima kabla ya Krismasi.
Yumo karatasi ya pili, mstari wa juu,
kwa sababu ambayo hata hapa sitaitaja.
"Nasikia unaomba kuwa hakimu wetu," akasema,
macho yake tayari yako mezani.

Nikazigeuza karatasi kifudifudi.
"Ingia," nikamwambia. "Kung'uta viatu kwanza."